Mbwa Anayeharisha Bila Kupona: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Chake

(Maelezo yaliyotolewa katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi, Lushoto)



Huenda wapo miongoni mwetu waliosoma ratiba ya semina hii wakatabasamu. Mada zilizotangulia zilihusu mizani, daftari la mapokezi na malipo ya wakulima. Sasa tunaambiwa tuzungumze habari za tumbo la mbwa. Naomba subira yenu. Mbwa ninayetaka kumzungumzia ni yule alindaye ghala la chama usiku, na mwenziwe alindaye mahindi dhidi ya nguruwe mwitu, nyani na tumbili katika mashamba yaliyo ukingoni mwa misitu yetu, kuanzia Magamba na Shume mpaka Mtae. Mbwa huyu ni mtumishi wetu. Leo nataka tumtazame pia kama shahidi, kwa kuwa hula kilichomo ghalani mwetu, tena mara nyingi hupewa sehemu iliyo mbaya zaidi.

Nitaeleza kwanza namna ya kutafuta chanzo cha maradhi ya tumbo yasiyokwisha. Kisha nitaeleza kwa nini utafutaji huo, ukifanywa kwa utaratibu, unaweza kutufikisha kwenye magunia ya chama, kwenye madebe ya maziwa, na kwenye uji wa watoto wetu.

MARADHI YA SIKU MBILI NA MARADHI YA KUDUMU

Mbwa ni mnyama wa kuokota. Akila mzoga leo na kuutapika kesho, tumbo lake limefanya kazi yake. Akiharisha siku moja au mbili, huku anakunywa maji na anabweka kama kawaida, apunguziwe chakula, apewe maji safi, aangaliwe. Hayo ni maradhi ya mpito.

Kuharisha au kutapika kunakoendelea kwa zaidi ya majuma matatu, au kunakopoa na kurudi kila baada ya siku chache, ni jambo la namna nyingine. Mbwa wa namna hii hukonda ingawa anakula. Manyoya yake hukosa mng'ao. Usiku hulala badala ya kulinda. Wengi wetu humpa dawa yoyote iliyobaki nyumbani, hata vidonge vya binadamu, na asipopona husema ni mzee. Huko si kutafuta chanzo.

Tahadhari moja itangulie zote. Mbwa aliyebadilika tabia, anayedondokwa na mate, asiyeweza kumeza au anayeshambulia bila sababu, asifunguliwe kinywa na mtu yeyote kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Huenda hicho ni kichaa cha mbwa, nacho kikishaonyesha dalili kwa binadamu, takriban kila mara huua. Mbwa huyo atengwe, na Bwana Mifugo aitwe mara moja. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kila mbwa wa chama achanjwe kila mwaka.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI

Makatibu mnajua kwamba hesabu isiyoandikwa haikaguliki. Maradhi nayo ni vivyo hivyo. Chukueni ukurasa mmoja wa daftari, mwandike kila siku kwa muda wa majuma mawili: mbwa amekula nini, amekula wapi, ametapika mara ngapi, ameharisha mara ngapi, na kinyesi kilikuwaje.

Habari hizo zitafutwe kwa anayemlisha. Mwenye mbwa atasema kwamba mbwa wake anakula ugali. Mtoto anayepeleka sufuria nje jioni ndiye ajuaye kuwa ugali huo ni wa pumba, kwamba pumba zimetoka mashineni wiki iliyopita, na kwamba zilikuwa zimeshikana mabonge. Mlinzi ndiye ajuaye kuwa usiku mbwa hula panya. Muuza nyama ndiye ajuaye kuwa siku za kuchinja mbwa hupewa mapafu na maini yenye malengelenge. Waulizeni hao kwa upole, bila kuwatafutia kosa, maana mtu anayeogopa lawama huficha habari.

Kinyesi chenyewe kina lugha. Kikiwa kingi, chenye maji, mbwa akiharisha mara chache kwa siku lakini anakonda upesi, taabu aghalabu iko katika utumbo mwembamba, mahali chakula kinapofyonzwa. Kikiwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, chenye kamasi au damu mbichi, naye mbwa anajikakamua, taabu iko katika utumbo mpana. Kikiwa cheusi kama lami, damu inavuja juu zaidi, tumboni au katika utumbo mwembamba. Tazameni pia fizi: zikiwa nyeupe, damu imepungua, zikiwa za manjano, ini limeguswa. Nitarudi kwenye hiyo rangi ya manjano.

HATUA YA PILI: MINYOO NA VIMELEA

Katika mazingira yetu minyoo ndiyo ya kwanza kushukiwa, na mara nyingi shaka hiyo ni ya haki. Minyoo ya safura hunyonya damu ndani ya utumbo na kuziacha fizi nyeupe. Kwa watoto wa mbwa huua. Tegu huacha vipande mfano wa punje za mchele kwenye kinyesi au kwenye manyoya ya mkiani. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, kwa ushauri wa Bwana Mifugo, na irudiwe kwa wakati atakaoutaja.

Wakati huo huo kinyesi kipelekwe kupimwa kwa hadubini. Lakini jueni kwamba minyoo haitagi mayai kwa kiwango kilekile kila siku. Jibu la kwamba hakuna kitu, lililotokana na kinyesi cha siku moja, halitoshi. Pelekeni vya siku tatu tofauti. Baadhi ya vimelea vidogo sana, kama vile jiadia, hupatikana kwa urahisi zaidi kwa namna hiyo.

Kuhusu tegu kuna neno la nyongeza. Yupo tegu mdogo sana wa mbwa ambaye hata hamsumbui mbwa mwenyewe, lakini mayai yake yakimwingia mtu huota malengelenge makubwa katika ini na mapafu. Wenzetu wa Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, waliathirika na ugonjwa huo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyopata kurekodiwa duniani, hata mpango wa kuudhibiti ukaanzishwa huko mwaka 1983. Mzunguko wake hukatwa kwa jambo jepesi: mbwa asipewe maini wala mapafu mabichi. Yachemshwe kwanza, au yazikwe.

Maradhi ya virusi nayo yapo. Ugonjwa wa parvo, uliotambuliwa mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi, huharisha damu na huua watoto wa mbwa wengi. Lakini huo huja kwa ghafla, nao ndani ya siku chache mbwa hufa au hupona. Haudumu miezi. Kinga yake ni chanjo.

HATUA YA TATU: SUMU ZA SHAMBANI

Lushoto ni wilaya ya mboga. Kabichi, nyanya, karoti na viazi vyetu hushuka Soni hadi Mombo, na kutoka hapo hufika Tanga na Dar es Salaam. Mboga hizo hupigwa dawa za wadudu na za ukungu, na mbwa huandamana na mwenye bomba. Hunywa maji ya mfereji ambamo bomba limeoshwa. Hulamba debe lililochanganyiwa dawa. Hula panya aliyekufa kwa sumu ya panya.

Sumu nyingi za wadudu hujionyesha haraka: mate mengi, kutetemeka, kutapika, kulegea, kwa saa chache tu. Baadhi ya sumu za panya huzuia damu kuganda, na mbwa huvuja damu siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo mwandike katika daftari siku za kupiga dawa. Zikioana na siku za kuharisha, mmepata njia ya kufuata. Zisipooana, endeleeni mbele.

HATUA YA NNE: CHAKULA

Ikiwa dawa ya minyoo imetolewa ipasavyo, kinyesi hakikuonyesha kitu, na shambani hakuna sumu iliyoshukiwa, lakini tumbo halijatulia, basi chakula chenyewe kipimwe. Kipimo hiki hakihitaji maabara, kinahitaji uaminifu. Kwa majuma mawili mbwa ale vitu viwili tu vilivyo safi na ambavyo hakuvizoea, kwa mfano viazi mviringo vilivyochemshwa na samaki au nyama iliyochemshwa. Asipewe ugali, wala pumba, wala makombo, wala mifupa, wala kitunguu. Afungwe au aangaliwe ili asiokote kitu kingine. Mtoto mmoja akimrushia tonge kwa huruma, kipimo kimeharibika.

Tumbo likitulia katika majuma hayo mawili, chakula cha zamani kirudishwe kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku kadhaa. Kile ambacho kikirudi maradhi nayo yanarudi, ndicho kinachoshukiwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililonileta. Ikiwa kitu hicho ni pumba au unga wa mahindi, na hasa ikiwa mbwa ametapika, amekataa kula, amelegea, mkojo wake ni wa rangi nzito na fizi zake zina umanjano, shaka lisimame juu ya sumukuvu.

SUMUKUVU NI NINI

Sisi wa milimani tunajua ukungu wa aina mbili. Upo ule unaopanda kutoka mabondeni asubuhi na kuziba barabara, na upo ule unaoota juu ya punje. Wa kwanza huondoka jua likichomoza. Wa pili unaweza kuondoka ukaiacha sumu yake nyuma.

Kuvu wanaotengeneza sumu hii, wakiongozwa na yule aitwaye Aspergillus flavus, hupenda joto, na hushambulia zaidi mahindi na karanga zilizopata ukame shambani, zilizotobolewa na wadudu, au zilizohifadhiwa na unyevu. Sumu yenyewe, aflatoksini, ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Ilipokwisha kujulikana, wataalamu wa Marekani walikumbuka ugonjwa wa ini uliokuwa umewaua mbwa wa nchi yao katika miaka ya 1950 bila sababu kueleweka. Walipowalisha mbwa sumu hiyo, ugonjwa uleule ulijitokeza.

Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu, wala haiondolewi na jiko: ugali uliopikwa na kuiva bado unayo. Hulenga ini. Ikiingia nyingi kwa mara moja, ini hushindwa na mnyama au mtu hufa. Ikiingia kidogo kidogo kwa miezi, huharibu ini polepole, na kwa binadamu ni mojawapo ya vyanzo vya saratani ya ini.

MBWA KAMA SHAHIDI

Mwaka 1974 katika vijiji zaidi ya 200 vya magharibi mwa India, katika maeneo ya Rajasthan na Gujarat, watu maskini waliokula mahindi yaliyonyeshewa walianza kugeuka manjano na kuvimba matumbo. Katika wagonjwa 397 walioorodheshwa, 106 walifariki. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba mbwa wa vijiji hivyo nao walikuwa wameugua ugonjwa huohuo, na kwamba vifo vyao vilitangulia.

Karibu nasi zaidi, mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, walikufa kwanza njiwa, kisha mbwa, kisha watu. Wagonjwa 20 walilazwa hospitali na 12 kati yao walifariki. Mahindi ya nyumba moja yalikutwa na sumukuvu sehemu 12,000 katika bilioni, ilhali kiwango cha juu kinachokubaliwa na viwango vya Afrika Mashariki ni sehemu 10. Nchini Kenya tena, mwaka 2004, waliugua watu 317 na kufariki 125. Nasi hapa Tanzania hatukusalimika: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walipoteza maisha.

Kwa nini mbwa hutangulia? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya maumbile: ini la mbwa ni miongoni mwa maini yanayodhurika upesi sana na sumu hii. Ya pili ni ya desturi zetu wenyewe. Gunia linapokobolewa, sumu hukusanyika zaidi katika ganda na kiini, yaani katika pumba. Mwenye nyumba hula sembe, mbwa hula pumba. Na kabla ya kukoboa, mama huchambua, akatenga punje zilizooza na kusema, “Hizi za mbwa.” Basi kutoka gunia lile lile, mbwa amepewa fungu kubwa la sumu. Lakini nyumba inayokula dona hula ganda na kiini pia, na huko mbwa na watoto wako katika safu moja.

Wazee wa Lushoto hawatashangazwa na mbwa kuwa shahidi. Tauni ilipozuka wilayani kwetu kuanzia mwaka 1980 na kurudi mara nyingi katika miaka iliyofuata, wataalamu walichukua damu ya mbwa wa vijijini wakaipima. Mbwa anayekula panya hukutana na viini vya tauni mapema, na mara nyingi hunusurika. Damu yake hubaki na alama ya kukutana huko. Kwa njia hiyo damu ya mbwa ilisaidia kuonyesha mahali tauni ilipopita.

LUSHOTO NA GHALA LETU

Mtu anaweza kusema: kuvu huyu hupenda joto, na Lushoto kuna baridi, basi sisi hatumo. Hoja hiyo ina kweli nusu. Wanachama wetu wengi hulima mboga na kununua mahindi. Malori yanayopanda kutoka Mombo huleta mahindi ya nchi za joto, na punje iliyopata ukame na kuvu kule chini hupanda na sumu yake. Baridi yetu haiiondoi. Kisha mahindi hayo huingia katika ghala lenye sakafu ya unyevu, na yale tunayovuna wenyewe huiva wakati wa baridi na mawingu, jua likiwa haba. Wazee waliyaweka darini juu ya moshi wa jiko. Sisi tumejenga maghala makubwa ya bati bila kujenga moshi wala hewa ya kuyakausha.

Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Chama kisicho na kipimo cha unyevu kinaweza kuanza na chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi kiasi cha theluthi yake, na chumvi kavu vijiko viwili vitatu. Funga, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudi juani, juu ya turubai, yasianikwe juu ya udongo.

MAZIWA

Nawaomba wenye ng'ombe wa maziwa wasikilize hapa. Ng'ombe hafi upesi kama mbwa. Anaweza kula pumba zilezile, akapunguza maziwa kidogo tu, na kuendelea kusimama. Lakini sehemu ya sumu aliyoila hugeuka katika ini lake na kutoka katika maziwa, nayo huonekana humo ndani ya siku moja. Maziwa hayo hupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia, humiminwa pamoja na ya wenzake, na kuchemsha hakuiondoi sumu. Pumba za mwanachama mmoja zimeingia katika kikombe cha wengi.

Lakini ipo habari njema. Ng'ombe akiachishwa pumba hizo, sumu katika maziwa hupungua na kwisha ndani ya siku chache. Kwa hiyo kujua mapema kuna faida kubwa. Na wa kwanza kutujulisha anaweza kuwa yule mbwa aliyelala mlangoni kwa ng'ombe, ambaye amekula pumba zilezile.

KAZI YA KATIBU

Ndugu Makatibu, mbwa wa ghala au wa mwanachama akionyesha dalili nilizotaja, na chakula kikashukiwa, nashauri yafanyike haya.

Kwanza, magunia yote ya shehena hiyo yatengwe, yaandikwe alama, yasiuzwe, yasisagwe, wala yasilishwe kuku au ng'ombe. Kuyachanganya na mahindi mazuri ili ubaya upungue si dawa, ni kueneza.

Pili, ichukuliwe sampuli kwa haki. Sumukuvu haikai sawa katika gunia: punje chache zinaweza kubeba sumu kubwa huku nyingine elfu zikiwa salama. Kwa hiyo konzi moja kutoka juu ya gunia moja haithibitishi kitu. Tumieni bambo, chomeni kila gunia juu, kati na chini, changanyeni vyote kwenye turubai, gaweni mara nne na kupunguza hadi zibaki kilo chache. Zitiwe katika mfuko wa karatasi au wa kitambaa, si wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu na kuvu huendelea kuota njiani. Juu yake andikeni tarehe, idadi ya magunia na mahali yalikotoka.

Tatu, andikeni barua kwa Bwana Shamba na Bwana Mifugo wa kata, mkiambatisha nakala ya ule ukurasa wa daftari la mbwa. Wao ndio watakaoelekeza sampuli iende maabara gani. Mbwa akifa, mzoga usitupwe bondeni. Mwulizeni Bwana Mifugo kama ini lake lichunguzwe.

Nne, waulizwe wanachama walionunua kutoka shehena hiyo kama yupo mtu nyumbani mwenye macho ya manjano, anayetapika au aliyevimba tumbo. Aliyepo aende hospitali bila kungoja majibu ya maabara, na amweleze daktari habari za mahindi.

HASARA NI YA NANI

Nimeacha jambo zito zaidi mwishoni. Yote niliyosema yanajulikana au yanaweza kujifunzwa kwa siku moja. Kinachozuia yasitendeke ni hofu ya hasara. Mwanachama aliyeleta magunia 10, akiambiwa kwamba yametengwa, anaona ada ya shule imetengwa. Katibu aliyeyapokea na kuyaandika katika daftari anaona lawama ya mkutano mkuu. Basi kila mmoja ana sababu ya kutotazama, naye mbwa hunyamaziwa au huuawa kwa kuwa hana faida tena. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kilio cha Machakos na cha Dodoma kilikuwa cha kweli.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa vyama ni hili. Msingoje siku ya tukio ndipo mjadili nani abebe hasara. Katika mkutano mkuu ujao, wakati hakuna gunia lolote linaloshukiwa na hakuna mtu wa kunyooshewa kidole, amueni mambo mawili na kuyaandika katika kumbukumbu. La kwanza: mwanachama anayetangaza mwenyewe kwamba mahindi yake yana shaka, au kwamba mbwa wake ameugua kwa kuyala, asiadhibiwe, na sehemu ya hasara yake ibebwe na wote kutoka katika akiba ya chama kwa kiwango mtakachokubaliana. La pili: anayejua na kuficha, akauza, hasara yote iwe juu yake. Uamuzi huo hautagharimu kitu siku mtakapoupitisha. Siku utakapohitajika, utamwezesha mtu mwoga kusema kweli.

Ndugu zangu, sikusema kwamba kila mbwa anayeharisha ametiwa sumu na mahindi. Wengi wana minyoo, na dawa ya minyoo itawaponya. Ndiyo maana nimeanza na minyoo, nikapita shambani, nikafika ghalani mwisho. Anayerukia jibu la mwisho bila kupitia yale ya mwanzo atateketeza mahindi mazuri ya wenzake; na anayeishia kwenye jibu la kwanza kila mara, kwa kuwa ni rahisi, ipo siku atapitwa na lile lililo kubwa. Fuateni hatua kwa utaratibu, andikeni mnayoyaona, na mahindi yakishukiwa yatengwe kwanza, majadiliano yafuate baadaye.

Niko tayari kwa maswali.